Mbiru, Ndiva na Mchambuzi: Historia ya Kazi Moja na Jina Lake katika Milima ya Upare

Utangulizi

Jalada la mradi wowote linapopita mezani kwa mtumishi wa Serikali huwa na majina mawili yasiyokosekana: jina la anayetoa fedha na jina la anayejenga. Ni mara chache kukuta jina la tatu, la yule aliyekwenda kuwauliza watu haja yao ni nini, akayaandika majibu yao kwa namna ambayo mjenzi aliweza kuyatekeleza, kisha akarudi kuwasomea walioulizwa ili wathibitishe kwamba ndivyo walivyosema. Kazi hiyo ya tatu sasa imepata cheo chake katika mashirika makubwa ya dunia, na cheo hicho kimeingia pia katika mabenki, kampuni za simu na idara zetu. Tafsiri inayomjia mtu haraka ni "mchambuzi wa biashara".

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba kazi yenyewe si ngeni hata kidogo, na kwamba historia ya wilaya moja, yaani Same na milima ya Upare, yatosha kutufundisha faida ya kuwapo kwake na hasara ya kukosekana kwake. Pili, kwamba jina tutakaloipa kazi hiyo si jambo dogo, kwa kuwa Upare iliwahi kushuhudia jinsi neno moja lililotumiwa vibaya lilivyosaidia kuuangusha mpango mzima wa Serikali.

Asili ya cheo

Mwaka 1951 kampuni ya J. Lyons ya Uingereza, iliyojulikana zaidi kwa migahawa yake ya chai, ilianza kutumia kompyuta iliyoitwa LEO kwa kazi za kawaida za ofisi. Waliokuwa na mashine hiyo walitambua mapema kwamba haitoshi kuwa na fundi wa kuiendesha. Alihitajika mtu wa kwenda kwa makarani, kujifunza jinsi mishahara inavyohesabiwa na jinsi mikate inavyoagizwa, na kuyapanga maarifa hayo hatua kwa hatua kabla ya fundi kuandika amri za mashine. David Caminer, aliyeisimamia kazi hiyo, hutajwa na wengi kuwa mchambuzi wa kwanza wa mifumo katika shughuli za ofisi.

Baadaye ilionekana kwamba matatizo mengi hayatokani na mashine. Mwaka 1994 kampuni ya Standish Group ya Marekani ilitangaza kwamba kati ya miradi ya kompyuta iliyochunguza, ni asilimia 16.2 tu iliyokamilika kwa wakati, kwa gharama iliyopangwa na kwa mambo yote yaliyoahidiwa. Miongoni mwa sababu kubwa za kushindwa zilitajwa mbili: watumiaji kutoshirikishwa, na mahitaji kuandikwa nusunusu. Wapo wataalamu walioutilia shaka utaratibu wa uchunguzi huo. Hata hivyo, sababu hizo mbili hurudi tena na tena katika taarifa za watu wengine. Ndipo kazi ya uchambuzi ilipozidi kutengwa na kazi ya ufundi, na mwaka 2003 chama cha kimataifa cha watu wa kazi hiyo kikaanzishwa nchini Kanada.

Hiyo ndiyo historia ya cheo. Historia ya kazi ni ndefu zaidi. Sasa na tupande milimani.

Mbiru: neno la zamani, jambo jipya

Mji wa Same umekaa chini ya milima, kando ya reli ya kutoka Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Chini mvua ni haba. Juu, kuelekea kilele cha Shengena chenye urefu wa meta 2,462, ni nchi ya ukungu, migomba na kahawa. Wakati wa utawala wa Waingereza makao ya wilaya yalikuwa hapo Same, na milima ilitawaliwa kwa kupitia kwa wafumwa, yaani watawala wa jadi, waliokusanywa katika baraza moja.

Katika miaka ya mwanzo ya 1940 wakuu wa wilaya waliona kwamba hazina ya wenyeji haitoshi kwa huduma zilizotarajiwa. Wakabuni kodi ya ngazi: pamoja na kodi ya kawaida iliyokuwa sawa kwa kila mtu, kila mlipaji angekadiriwa kwa kadiri ya mali yake, na mwenye zaidi angetoa zaidi. Kwenye karatasi wazo hilo halikuwa baya. Wengi wangeweza hata kuliita la haki.

Kodi hiyo mpya ilihitaji jina, na ndipo lilipochukuliwa neno la Chasu, lugha ya Wapare: mbiru. Katika enzi za kabla ya ukoloni mbiru ilikuwa ni kile ambacho watu walimtolea mtawala wao. Ilitolewa kwa vitu, katika mazingira ya desturi ambayo mtoaji na mpokeaji waliyafahamu wote wawili. Waliolichagua jina hilo walitumaini kwamba jambo geni likivikwa vazi la nyumbani litapokewa kama mwenyeji.

Haikuwa hivyo. Mbiru mpya ilidaiwa kwa fedha. Ilitegemea makadirio ya mali ambayo mlipaji hakujua yamefikiwaje: migomba imehesabiwaje, kahawa imepewa thamani gani, kwa nini jirani amepewa kiwango hiki na yeye kile. Kwa maneno mengine, jina lilibaki na maana ikaondoka. Watu waliozaliwa na neno hilo vinywani mwao walitambua mara moja kwamba wanaambiwa jambo ambalo silo.

Mwaka 1944 malalamiko yalienea, na mwezi Januari 1945 watu waliteremka kutoka milimani kwa maelfu hadi Same, makao makuu ya wilaya. Hawakuja kupigana. Walikaa. Waliendelea kukaa kwa muda mrefu wakipokezana, wengine wakirudi kulima na wengine wakija kushika nafasi zao, wakidai kwamba mbiru iondolewe. Huko nyuma nyumba zilibaki bila wanaume. Kina mama wa Usangi walimkabili mkuu wa wilaya wakamwambia ama aumalize ugomvi na waume zao warudi, ama achukue yeye mwenyewe nafasi ya waume hao. Maneno hayo yangali yakisimuliwa.

Hatimaye Serikali iliiacha mbiru, na kodi ya kiwango kimoja ikarudi. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliyaandika mambo hayo katika kitabu chake kuhusu mbiru kilichotolewa mwaka 1971, na tangu hapo tukio hilo limehesabiwa miongoni mwa harakati kubwa za wananchi wa Tanganyika kabla ya vyama vya siasa.

Mchambuzi angefanya nini?

Kwa msomaji wa jarida la istilahi, jambo la kuzingatia ni hili: watu wa Upare hawakukataa kulipa kodi. Walikataa namna ya kukadiriwa. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo ambayo mchambuzi mzuri angeigundua kabla ya daftari la kwanza kufunguliwa.

Hapa tunaona faida ya kutenganisha maneno matatu ambayo katika maandishi yetu huchanganywa ovyo: haja, matakwa na mahitaji. Haja ni hali yenyewe inayomsukuma mtu, aitamke au asiitamke. Matakwa ni yale anayoyatamka. Mahitaji, kwa maana ya kitaalamu, ni yale yanayoandikwa baada ya haja na matakwa kuchambuliwa, yakakubaliwa na pande zote, na yakawa na kipimo cha kuonyesha kama yametimizwa. Haja ya Serikali ilikuwa kuongeza mapato ya hazina, na matakwa yake yalikuwa kodi ya ngazi. Matakwa ya wananchi yalikuwa kurudi kwa kodi ya kiwango kimoja. Haja yao ilikuwa kuifahamu hesabu na kuweza kuihakiki. Mtu angezitazama haja hizo mbili tu, angeona kwamba hazikugongana. Kilichogongana ni matakwa. Lakini hakuna aliyetumwa kuzitafuta haja, na mahitaji hayakuandikwa kamwe.

Yupo atakayetujibu kwamba tunalifanya dogo jambo kubwa: mgogoro wa mbiru ulikuwa wa utawala, wala haukuwa wa ukosefu wa mahojiano. Jibu hilo lina ukweli. Serikali isiyowajibika kwa walipa kodi haiwezi kuponywa na karani mwenye kalamu na dodoso. Lakini hapo ndipo tunapojifunza sharti la kwanza la kazi hii. Mchambuzi ambaye hana ruhusa ya kurudi kwa aliyemtuma na jibu la "hapana" si mchambuzi, ni mpambe. Hupewa uamuzi uliokwisha kukatwa na kutakiwa autafutie maneno matamu. Neno mbiru lilikuwa tamu la namna hiyo.

Si Upare peke yake iliyokumbwa na hali hiyo katika miaka ile. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika ya Mashariki kwa muda wa wiki tisa, ukapendekeza karanga zilimwe katika ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Kongwa ilichaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Udongo wake hugeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mvua yake haitegemeki, mambo ambayo Mgogo yeyote aliyelima hapo angeyasema bila kulipwa. Mpango uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36. Watu wa Kongwa hawakuulizwa. Watu wa Upare waliambiwa kwa neno lao wenyewe. Tofauti ni ndogo.

Ndiva: mahitaji yasiyoandikwa

Upande wa pili wa historia ni wa maji. Milima ya Upare ina desturi ya kale ya umwagiliaji, na katikati ya desturi hiyo ipo ndiva: bwawa dogo linalochimbwa kwenye njia ya mfereji ili kukusanya maji ya usiku, wakati ambapo hakuna anayemwagilia. Jioni tundu la ndiva huzibwa. Asubuhi huzibuliwa, na maji yaliyokusanywa hushuka kwa nguvu inayoweza kufika hadi mashamba ya mbali. Mto mwembamba peke yake usingeweza kufanya hivyo.

Mhandisi anapoitazama ndiva huona udongo unaovuja. Mchambuzi hana budi kuona zaidi. Ndiva ina zamu zake, na zamu zina wenyewe. Kuna anayeamua nani aanze, na kuna faini kwa anayeiba maji. Kuna kazi ya kuzoa tope ambayo hufanywa kwa msaragambo, neno la Upare na nchi jirani la kazi ya pamoja isiyolipwa, ambalo limekwisha kuingia katika Kiswahili chetu. Tena kuna watu wa chini. Katika bonde la Makanya, kwa mfano, maji yanayozuiliwa Vudee na Bangalala hupunguza yale yanayofika tambarare ya Makanya, ambako wakulima hungoja mafuriko ya mvua za milimani. Kwa hiyo swali la "ndiva ikisakafiwa itahifadhi maji kiasi gani?" ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni "maji hayo yalikuwa yakimfikia nani?"

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulianza mpango wa kuimarisha umwagiliaji wa asili, kwa msaada wa Waholanzi, uliofanya kazi Same na Mwanga pamoja na wilaya nyingine. Sifa ya mpango huo ni kwamba ulianzia kwenye kile ambacho watu walikuwa nacho tayari, yaani mifereji na ndiva, badala ya kuwaletea kitu kipya kabisa. Kadiri ulivyoendelea, shughuli zake zilipanuka kutoka kwenye saruji hadi kwenye hifadhi ya ardhi na mazingira, kwa sababu mfereji mzuri kwenye kilima kinachomomonyoka haudumu. Upanukaji huo ndio uchambuzi wenyewe. Mradi unaokubali kubadilishwa na majibu ya watu umewauliza kwa dhati.

Leo wilaya hiyo ina hesabu mbili za maji. Mradi wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochukua maji katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ulianza mwaka 2014 ukazinduliwa mwezi Machi 2025. Humo maji huhesabiwa kwa lita na kwa dira. Juu ya milima maji ya ndiva bado huhesabiwa kwa zamu. Mtumishi anayekwenda kwa watu wa zamu na fomu yenye nafasi ya lita peke yake atarudi na fomu iliyojaa na taarifa iliyo tupu. Anayejua kwamba zamu ni kipimo pia, chenye haki na wajibu ndani yake, atarudi na kitu ambacho mhandisi anaweza kukitumia.

Suala la istilahi

Sasa turudi kwenye jina. Tunaona kwamba "mchambuzi wa biashara" halifai, kwa sababu moja iliyo wazi: katika Kiswahili biashara ni kununua na kuuza kwa kutafuta faida. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa hivyo lina uwanja mpana zaidi. Hujumuisha shughuli yoyote ambayo taasisi imeundwa kuitenda. Hospitali ya wilaya ina shughuli, haina biashara. Kadhalika halmashauri, mahakama na kamati ya ndiva. Mwananchi akiambiwa kwamba amekuja mchambuzi wa biashara atadhani anakadiriwa leseni, na huenda akaficha alichonacho. Hapo tutakuwa tumerudia kosa la mbiru kwa upande wake wa pili: pale neno la nyumbani lilivikwa jambo geni, hapa jambo la nyumbani litavikwa neno geni.

Lugha yetu ina vitenzi vitatu vinavyokaribiana, na kila kimoja kina kazi yake. Kupembua ni kupepeta, kutenga punje na makapi. Tayari tunalo "upembuzi yakinifu" kwa uchunguzi wa kujua kama mradi unafaa au haufai. Kuchanganua ni kukitenga kitu kizima katika sehemu zake ili kujua kimeundwaje. Kuchambua, kama achambuavyo mtu pamba au mboga, ni kupitia kimoja kimoja kwa vidole, kuondoa kisichotakiwa na kubakiza kinachofaa. Kazi tunayoizungumzia ni ya vidole. Hufanywa jibu kwa jibu, mtu kwa mtu. Kwa hiyo "uchambuzi" ndilo neno lake.

Tunapendekeza basi majina mawili kwa matumizi mawili. Kwa cheo cha jumla katika taasisi, "mchambuzi wa shughuli". Kwa kazi mahususi ndani ya mradi, "mchambuzi wa mahitaji". Hati anayoiandika iitwe "taarifa ya mahitaji", na kitendo cha kuirudisha kwa watu ili waikubali kiitwe "uthibitisho". Maneno haya yote yamo vinywani mwa watu. Hatuna haja ya kubuni la mbali. Msomaji atakumbuka kwamba "ngamizi" na "tarakilishi" yote yalipendekezwa, na "kompyuta" ndilo lililoenea.

Utaratibu wetu wa kuunda istilahi umekuwa ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Utaratibu huo ni mzuri, na ndio ungetuwezesha kulipokea neno "ndiva" katika istilahi za umwagiliaji, kwani "bwawa" halitaji usiku wala zamu. Lakini historia ya mbiru inatudai tuongeze sharti moja: neno linapochukuliwa kutoka lugha ya watu, lichukuliwe pamoja na maana yake, na wenye lugha waulizwe kwanza. Neno lina wenyewe kama vile zamu ya maji ilivyo na wenyewe.

Hitimisho

Mila zetu zinamjua mtu anayesimama kati ya pande mbili. Katika posa huitwa mshenga. Hutumwa na upande mmoja, lakini asipouelewa upande wa pili ndoa haifungwi; akiongeza chumvi hulaumiwa na wote; na siku ya arusi hakai kwenye kiti cha mbele. Mchambuzi wa mahitaji ni wa jamii hiyo, na mtafsiri ni ndugu yake wa karibu. Wote wawili huchukua maneno ya mmoja na kuyafikisha kwa mwingine bila kuyapunguzia uzito.

Kwa sababu hiyo tunawaomba walimu wa vyuo vya utumishi na maendeleo ya jamii waiingize historia ya mbiru katika masomo ya upangaji wa miradi, si katika masomo ya siasa peke yake. Tunawaomba watafsiri wa hati za miradi waache kutumia "biashara" pale penye "shughuli", na "matakwa" pale penye "mahitaji". Nao watumishi wanaotayarisha majalada tunawaomba waache nafasi kwa jina lile la tatu. Nafasi hiyo ikibaki tupu, wananchi wenyewe huweza kuja kuijaza, kama walivyofanya Januari 1945, kwa kuteremka mlimani na kukaa.